Chomeni bambo hadi katikati ya gunia

Mmeuliza wiki hii: mtu akikuuzia mfumo wa kubashiri mbio za farasi, utajuaje kama unastahili bei yake? Mimi swali hili lilinifika nyumbani kabla ya kulisoma kwenu. Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia hapa Chikongola, Mtwara, simu mkononi. Kuna mtu anamtaka shilingi 150,000 ampe mfumo wa farasi wa Uingereza. Pesa anazo, lakini ni za palizi ya mikorosho ya mama yake kule Tandahimba.

"Mjomba, tazama, wiki nzima hajakosa." Akanionyesha picha za mikeka mitano, yaani tiketi za kubeti, yote imetiki, imeshinda.

Nimepokea korosho ghalani misimu kumi na moja. Gunia halipimwi kwa korosho za juu. Unachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, hadi katikati, unamiminia kiganjani, unazipasua uone kiini. Mwenye korosho safi hana neno, anakushikia gunia. Ile mikeka mitano ni korosho za juu. Nikamwambia amwombe yule bwana mikeka yote ya miezi sita pamoja na iliyochanika, yaani iliyoliwa, yenye tarehe, jina la farasi na odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda), tena iliyoandikwa kabla mbio hazijaanza.

Akaniuliza, sasa mtu atapatiaje mara tano mfululizo kwa bahati tu? Nikamsimulia jambo la mwaka 2008. Derren Brown, mwanamazingaombwe wa Uingereza, alionyesha kwenye televisheni mwanamke aliyetumiwa jina la farasi kabla ya mbio mara tano, na mara zote tano farasi yule akashinda. Mwanamke akaamini kabisa. Siri ni kwamba walioanza walikuwa watu 7,776, wamegawanywa mafungu sita, kila fungu limepewa farasi wake. Walioliwa wakaachwa, walioshinda wakagawanywa tena sita. Wakabaki 1,296, kisha 216, kisha 36, kisha sita, mwisho mmoja. Yule mmoja hakudanganywa hata ujumbe mmoja, ila hakuwaona wale wengine 7,775. Na mpwa wangu naye hajui yule bwana ametuma ujumbe kwa simu ngapi.

Halafu hesabu, maana hapa ndipo vijana wetu wanapoumia. Kupatia mara nyingi si faida. Kule Uingereza farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda takriban mbio moja katika tatu, na hilo halihitaji kununuliwa. Chukua mfumo unaopatia mara 40 katika 100, kwa odi ya 2.20. Ukiweka 1,000 kila mara, umetoa 100,000 na umerudishiwa 88,000. Kampuni ya kubeti nayo imeshakata chake ndani ya odi: gawa 100 kwa odi, unapata nafasi ya farasi kwa hesabu yao. Mbio ya farasi watano wenye odi 2.50, 4.00, 5.00, 8.00 na 8.00 ina nafasi za asilimia 40, 25, 20, 12.5 na 12.5. Zijumlishe: 110, badala ya 100. Ile kumi ya ziada ndiyo mfumo unatakiwa kuishinda kwanza, ndipo tuongee faida.

Wakikwambia uongeze dau mara mbili kila unapoliwa, kimbia. Ukianza na 1,000, mikeka minane ikichanika mfululizo umeshapoteza 255,000, na wa tisa unakudai 256,000.

Na farasi wa kwenye skrini za vibanda vya kubeti si farasi. Ni kompyuta inayotoa namba. Hawana mbio za nyuma za kuchunguza, hawana uwanja mkavu wala wa tope. Anayeuza mfumo wa hao anauza hewa, na inaniuma kuona anawauzia watoto wetu msimu ule ule pesa za korosho zinapoingia.

Jibu la yule bwana lilikuja usiku: picha nyingine nne, zote zimetiki. Mpwa wangu alizitazama muda mrefu, kisha akaniomba nimwamshe alfajiri awahi gari la Tandahimba.