Mwambie Kabla: Kwa Mama wa Chake Chake Aliyeniandikia

Juzi usiku kaniandikia mama mmoja kutoka Chake Chake. Mwanawe ana miaka mitatu, hasemi, akiitwa hageuki, na spika ya msikiti ikianza huziba masikio akalia. Mkwewe anasema mtoto kachezewa, na keshanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. "Dada yangu, wewe ulifanyaje?" Namjibu hapa kwa sababu najua mko wengi.

Wangu ana miaka tisa na ana usonji, hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, ambayo Waingereza huiita autism. Mwaka huu, kabla ya Idi, kanyolewa kwa kinyozi kama watoto wenzake, akatoka anajipapasa kichwa. Nilimpigia simu dada yangu, sauti ikakataa kutoka kwa furaha. Miaka yote nilikuwa namnyoa mwenyewe kwa mkasi akiwa usingizini, upande mmoja leo, wa pili kesho.

Kinyozi wetu hapa Bububu, Unguja, Mungu ambariki, alinipa muda wake. Mwanzo mtoto aliishika mashine imezimwa, akaigeuzageuza, akainusa. Siku nyingine ikawashwa mbali, yeye kasimama mlangoni. Kisha ikamgusa mkono. Nyumbani nilibandika picha ukutani kwa mpangilio: kiti, mashine, maji, boflo. Siku yenyewe tukaenda asubuhi mapema, hakuna foleni. Kinyozi akawa anahesabu kwa sauti mpaka kumi, anazima, anampumzisha, anaanza tena.

Mama, nililojifunza ni hili: mwambie kabla. Ubongo wa mtoto mwenye usonji hukua kwa namna yake tangu tumboni, na mlio ambao wewe huuoni kitu, yeye unaweza kumuumiza kwelikweli. Akijua kinachokuja na kitakwisha lini, huvumilia. Mwambie kwa picha, kwa maneno mafupi, kwa kumwonesha. Hata urojo kwetu unaliwa kwa mpangilio anaoujua: bhajia kisahani chake, kachori kisahani chake, mchuzi mbali. Nyumba nzima imeshazoea.

Na akirudia maneno, muache arudie. Wangu alianza kwa maneno ya makonda. Siku nzima "Bububu, Bububu, wawili wa mbele!" Watu wakimcheka kwenye gari. Leo akitaka kutoka ananivuta mkono, anasema "wawili wa mbele", nami navaa baibui.

Hayo ya watu ndiyo yaliyonitesa kuliko usonji. Kwenye khitma ya babu yake, kelele za masinia zilimzidi akajificha nyuma ya mlango akipiga mayowe. Mtu wangu wa karibu sana akasema mbele ya kadamnasi kuwa mtoto huyu hakufunzwa adabu, bora niwe namwacha nyumbani. Miaka imepita, na neno lile bado linanichoma. Sikumwacha nyumbani, na sitamwacha. Wazazi wenzangu, msikubali kufichishwa watoto wenu! Mtoto asiyetolewa nje atauzoea lini ulimwengu?

Usonji hauletwi na malezi mabaya, wala jini, wala chanjo. Daktari wa Uingereza aliyezusha mwaka 1998 kuwa chanjo ya surua ndiyo chanzo, makala yake ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na kwao akafutiwa leseni. Mchanje mwanao. Dua muombee, mimi namuombea kila sala, lakini dua iende pamoja na hospitali. Anza na kupimwa masikio, maana hata asiyesikia hageuki akiitwa. Kisha muone daktari wa watoto, mweleze yote, pamoja na hayo ya adhana. Watu watakwambia ngoja, hata baba yake alichelewa kusema. Usingoje. Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na anayekuuzia anakuibia. Mazoezi ya kusema na kujitegemea yapo, na yakianza mapema husaidia.

Jengine, na hili usilichukulie wepesi: maji. Sisi watu wa visiwani bahari iko mlangoni, na watoto hawa wengi hupenda maji na hutoka kimya kimya. Weka komeo la juu asilolifikia. Waambie wazee wa barazani na vijana wa diko la wavuvi wamjue kwa sura, wakimuona peke yake wamshike mkono wamrudishe. Umri ukiruhusu, mfundishe kuogelea. Wangu kafundishwa na mjomba wake, maji yakipwa, kwa maneno yale yale kila mara.

Ya skuli tutazungumza akikaribia umri, ila jua tu kuwa elimu mjumuisho, yaani kusoma pamoja na watoto wenzake, ni haki yake, si hisani ya mwalimu mkuu. Na ukiandikiwa rufaa ya kuja Unguja, usihangaike na nyumba ya wageni. Niandikie, utafikia kwangu. Mwanangu nitamwambia kabla kuwa mgeni anakuja.