Maswali yenu: protini inayookota madini adimu

Tangu niropoke kwenye shughuli moja kule Mikindani kwamba PhD yangu ni ya protini za kuokota madini adimu (metali kama zile za kwenye sumaku za simu na hadidiski), simu haipoi. Najibu machache hapa, yale ya "unalipwa shingapi" nimeyaruka makusudi.

Kaka, protini kama ya pweza na mayai? (dereva boda, Ligula)

Ukoo mmoja, kazi tofauti. Hii inaitwa lanmodulini, timu ya Joseph Cotruvo wa Penn State kule Marekani waliitangaza 2018, waliikuta kwa bakteria wanaoishi kwenye majani ya mimea na wanakula methanoli (jamii ya spiriti), na hao bakteria wanayahitaji haya madini kama damu yako inavyohitaji chuma. Yai ukishalichemsha ndo limeganda basi, ila hii wameipasha mpaka nyuzi 95 na bado inadaka madini, hata kwenye ukali unaokaribia maji ya ndimu haiachii.

Kinywe chetu cha Ruangwa si ndo hayohayo?

Hapana. Kinywe ni kaboni tu. Madini adimu yako 17, kundi la metali zinazofanana liitwalo lanthanidi ni 15, ongeza skandiamu na itriamu, na kwetu yapo Ngualla, mkoa wa Songwe. Hilo jina "adimu" nalo linadanganya, seriamu kwa mfano imejaa ardhini karibu sawa na shaba.

Kama yamejaa, unakaa chuo miaka yote hiyo unatafuta nini?

Kuyatenganisha jamani! Aliyewahi kukaa kiwandani kuchambua korosho zilizobanguliwa anajua, nzima huku, zilizovunjika kule, sasa fikiria zote nzima, rangi moja, na ukubwa unapishana kiduchu mno ndo uambiwe tenga madaraja 15. Njia iliyozoeleka ni kuyahamisha kati ya maji na mafuta jamii ya mafuta ya taa yenye kemikali, unarudia na kurudia, hatua zinafika mamia, taka zake we acha tu. Halafu 2023 timu ileile ya Cotruvo wakatoa lanmodulini nyingine, ya bakteria waliotoka kwenye vichipukizi vya mwaloni, hiyo ikidaka madini mepesi inashikana mbili mbili, ikidaka mazito haishikani vizuri inaachia mapema. Kwa ujanja huo walitenga neodimiamu (jepesi) na disprosiamu (zito) kwa mkupuo mmoja, usafi zaidi ya asilimia 98. Mi niliposoma hiyo nilisimama kabisa kwenye kiti.

Ubovu wake nao niuseme. Protini inabeba mzigo mdogo, uzito wa madini haufiki hata sehemu ya kumi ya uzito wake yenyewe, kwa hiyo usipoitumia tena na tena hesabu inakataa.

Mwanangu, nasikia mnatumia mwani, mbona hamji kununua kwetu? (mama mkulima wa mwani, Kilwa)

Shikamoo mama. Umesikia sawa, protini tunainata kwenye vijipunje vya jeli inaitwa agarosi, tunajaza kwenye bomba, maji yenye madini yanapita, adimu zinanasa, mengine yanakwenda zake, halafu unamwaga tindikali kidogo adimu zinaachia na bomba unalitumia upya. Agarosi inatoka kwenye mwani mwekundu kweli, ila sio huu wenu mama, huu wenu unatoa karajini, ile ya kuzitisha dawa za meno na maziwa. Nayo inatengeneza vijipunje na kuna watu wanafungia vijidudu hai humo ndani. Mi swali lako nimelipeleka kwa msimamizi wangu vilevile ulivyoliuliza, kacheka, halafu akaniambia niandae kilo moja nijaribu.

Nina gunia la spika mbovu, unachukua?

Sumaku za neodimiamu karibu theluthi ya uzito ni madini adimu, kwa hiyo mali ipo, ila spika nyingi za redio za zamani sumaku yake ni ferati, yaani ya kutu ya chuma, humo hamna kitu. Niletee za simu na hadidiski, kumi zinatosha. Na ile habari ya kuziloweka kwenye maji ya betri nyumbani, kaka, acha, una watoto.