Posta mnaionea: majibu kwa wanaotuma zawadi za vitambaa

Barua za safari hii karibu zote zinailaumu posta. Nimechagua zile ambazo posta haihusiki kabisa.

*Nilimdarizia wifi yangu kitambaa cha meza, yuko Muscat. Nilikipiga pasi vizuri, nikakikunja, nikakifunga. Kimefika kina mistari isiyotoka. Wamekigandamiza njiani? (Tanga)*

Mistari hiyo umeichora mwenyewe, dada. Ulikikunja kikiwa bado na moto wa pasi. Pamba ikiwa na joto na unyevu hushika umbo lolote unaloipa, ndiyo maana tunanyunyiza maji tunapopiga pasi. Wewe umeikunja, ukaiacha ipoe humo humo. Piga pasi jioni, upande wa nyuma, nakshi ilalie taulo ili uzi usibanwe. Kitundike hadi asubuhi. Halafu kitandikie karatasi laini nyeupe, ukiviringishe kwenye kigogo cha jora (lile bomba la karatasi ngumu linalozungushiwa kitambaa dukani), nakshi ikitazama nje. Ikitazama ndani uzi hujikunyata. Vigogo hivyo maduka ya vitambaa huvitupa. Mwombe kijana wa dukani kwa adabu, usimpigie kelele kama mnavyowapigia wakati wa kupunguziana bei.

*Gazeti linafaa badala ya karatasi nyeupe?*

Halifai. Wino unahama.

*Nikifunga nailoni mara tatu, mvua haitaingia? (Mombasa)*

Swali la nailoni tena! Nailoni inazuia maji kuingia na inazuia unyevu kutoka. Kitambaa kilichofungwa msimu wa masika kikiwa na ubichi kidogo tu kitafika na koga, na koga haiondoki kwa pasi. Karatasi kwanza, nailoni moja juu, basi. Na ile mifuko ya kunyonya hewa waachieni wenye mablanketi. Hewa ikishatoka, kila kunyanzi linabanwa likae.

*Nataka kumtumia babu kofia ya kiua. Niikunje vipi isiharibike? (Zanzibar)*

Haikunjwi. Najua dukani mnaikuta imebonyezwa bapa, lakini muuzaji anatafuta nafasi kwenye kabati, wewe unatafuta radhi ya babu. Kinachoisimamisha kofia ni kanji. Ukiibonyeza, kanji inavunjika pale pale kwenye mkunjo, na babu ataivaa ina pembe mbili, moja kila upande. Jaza ndani karatasi laini zilizofinyangwa mpaka kofia isimame yenyewe, iweke kwenye boksi linaloizidi kidogo, uzibe mapengo ya pembeni isicheze. Zikiwa kadhaa, zivishane, karatasi katikati. Iliyokwisha kuvunjika ifueni kwa mkono, mtie kanji upya, mwikaushe kivulini juu ya bakuli lenye ukubwa wa kichwa. Haya yote ni kwa kofia ya mkono, ambayo mtu amekaa miezi akizungushia uzi kitobo kimoja kimoja. Ya mashine itume upendavyo.

*Vitambaa vya makochi vya kufuma navyo niviringishe?*

Kunja tu. Uzi uliofumwa hauweki mkunjo wa kudumu. Kama unataka kitu cha kukuhangaisha, hangaika na bei: mnaviuza kwa hela isiyorudisha hata uzi.

*Nimeviringisha batiki kama ulivyoagiza, lakini kampuni ya vifurushi inanitoza kilo mbili wakati mzigo haufiki hata kilo moja. Natuma London. (Dar es Salaam)*

Hawakuibii. Kampuni nyingi hupima pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Kigogo cha mita moja chenye kipimo cha 10 kwa 10 ni kilo mbili hata kikiwa kitupu. Kikate kibaki sentimita 55, utalipia kilo moja na kidogo. Batiki ikunje mara moja tu kwa urefu, na ndani ya mkunjo ule uweke mrija wa karatasi laini ili ukae mviringo, usiwe mstari. Kwenye fomu ya forodha usiandike “nguo” peke yake. Andika kitambaa cha pamba, kazi ya mkono, zawadi, na thamani ya kweli. Uingereza, zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi ya kuingiza. Ikizidi, andika imezidi. Wanaoandika pauni tano ndio hao hao wanaokuja kulia kifurushi kikipotea, wakati fidia inahesabiwa kwa ile ile tano.