Bomba Linalokohoa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha kituo kidogo cha kuzalisha vifaranga vya sato karibu na Mto Luiche, mkoani Kigoma. Maji nayachukua mtoni kwa bomba la plastiki la inchi 2 lenye urefu wa mita 300, na matangi yangu yako mita 4 chini ya usawa wa mto. Mdomo wa bomba nimeufunga chandarua na kuulaza juu ya mchanga. Mvua zikianza, chandarua huziba kwa majani na tope. Kiangazi mto ukishuka, bomba hukohoa, maji yakaja kwa vishindo na povu. Siku lisipokohoa, ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 40. Fundi ananishauri ning'oe bomba lote niweke la inchi 4. Je, nimsikilize?
Mfugaji, Kigoma

JIBU: Ndugu mfugaji, kwa kupima kwa ndoo umeturahisishia kazi. Unapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku, ilhali bomba safi la inchi 2, kwa urefu na mteremko ulioutaja, lingeijaza ndoo hiyo kwa sekunde 15 hivi, au 20 tukihesabu kona na viungo. Nusu ya maji yako au zaidi, basi, yanakwama mlangoni au njiani.

Fundi hajakosea kwamba bomba la inchi 4 hupitisha maji zaidi ya mara tano ya lile la inchi 2 kwa mteremko uleule. Lakini maji hayo sharti kwanza yaingie. Ukiliunganisha na mdomo huohuo wenye chandarua, nusu lita yako itatambaa ndani yake kwa chini ya sentimita 10 kwa sekunde, nao mchanga, ambao huhitaji mwendo wa sentimita 60 hivi ili usituame, utajilaza humo kwa raha zake. Bomba lako la sasa, likiwa safi, lina mwendo unaokaribia huo.

Anza, kwa hiyo, na mdomo. Tafuta mahali mto unapopinda, upande wa nje wa pindo, ambako maji huwa na kina hata kiangazi na mchanga haurundikani sana. Lakini kwa kuwa ukingo huo ndio unaoliwa na mafuriko, uimarishe kwa mawe yaliyofungwa kwa waya. Badala ya chandarua, fukia bomba lenye matundu chini ya kokoto zilizooshwa, kubwa zikilizunguka bomba na ndogo juu yake, kisha maji yaingie kwenye chemba ya kutuamishia mchanga yenye koki ya kutolea tope chini. Chujio la matundu madogo, la kuzuia samaki wa mtoni na mayai yao, liweke kituoni, ambako unaweza kulisafisha bila kuingia mtoni usiku wa mvua.

Kukohoa nako kusipuuzwe. Mdomo usiozama vya kutosha hunyonya hewa, nayo hujikusanya kwenye kila kilima cha bomba na kubana njia; weka hapo koki ya kutolea hewa, na ya kutolea tope kwenye kila bonde. Hewa hiyo ikigandamizwa ndani ya bomba huweza kuyeyuka kupita kiasi na kutoka tena kama viputo ndani ya miili ya vifaranga, jambo linaloua. Acha maji yaanguke kupitia sinia lenye matundu kabla ya kuingia tangini: hewa ya ziada itatoka na oksijeni itapatikana.

Ukishayafanya haya, pima tena kwa ndoo ileile. Ikiwa bado hayatoshi, mimi ningelaza bomba la pili la inchi 2 sambamba na la kwanza, lenye mdomo wake, ili moja lisafishwe huku jingine likiwahudumia vifaranga. Kwa kuwa hapo utachota maji mengi zaidi, peleka kwanza ombi la kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ofisi zake ziko hapohapo Kigoma, na uwaulize pia kuhusu ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.