Kwenda Durban bila viza

Dada, umeuliza kama mdogo wako akitoka Malindi kwenda Durban kumwona kaka yenu kwa wiki tatu atahitaji viza. Hapana. Tangu 1 Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka wa kalenda. Siku hizo hujumlishwa, kwa hiyo kutoka na kurudi hakuzianzishi upya.

Kinachonitia wasiwasi ni kadi ya manjano. Mtu anayetoka Kenya huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Asiende kuchanjwa siku mbili kabla ya safari, tafadhali. Pasipoti iwe hai angalau siku 30 baada ya tarehe ya kurudi na iwe na kurasa tupu. Tikiti ya kurudi, anwani ya kaka na ushahidi wa pesa za matumizi avibebe mkononi, visiingie kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, maana afisa wa uhamiaji ndiye mwenye neno la mwisho.

Na lile wazo la mdogo wako kumsaidia kaka kazi dukani, hapana kabisa, hata kwa wiki moja. Anaingia kutembea tu. Na akigongewa muhuri, asome tarehe iliyoandikwa palepale dirishani. Akiipitisha, hata kwa siku chache, anaweza kufungiwa kuingia miezi 12. Akiipitisha kwa zaidi ya siku 30, miaka 5.