Je, Bizet aliuawa na huzuni ya Carmen?

SWALI: Nilisikia kwamba Georges Bizet, Mfaransa aliyetunga opera ya Carmen, alikufa kwa majonzi baada ya opera hiyo kuzomewa na kuondolewa jukwaani. Je, ni kweli? Na ilikuwaje kazi iliyokataliwa kwao ikapendwa kwingineko? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, habari hiyo ina ukweli, ila imetiwa chumvi. Carmen ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Machi 1875 katika ukumbi wa Opéra-Comique, Paris, na Bizet akafariki tarehe 3 Juni mwaka huohuo huko Bougival, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Miezi mitatu kamili hiyo ndiyo iliyozaa kisa ulichosikia. Lakini Bizet alikuwa ameteswa na maradhi ya koo kwa miaka mingi, alivuta tumbaku kupita kiasi, na siku chache kabla ya kifo chake aliogelea katika mto Seine, akapatwa na homa na maumivu makali ya viungo, ugonjwa ambao hatimaye ulimfika moyoni. Kwamba alikuwa amekata tamaa, hatubishi. Kwamba huzuni ndiyo iliyomwua, hatuafiki.

Wala opera haikuondolewa. Wahakiki waliishambulia kweli, lakini hadi anafariki ilikuwa imekwisha kuonyeshwa zaidi ya mara 30, ilhali opera yake ya mwaka 1863, Les pêcheurs de perles, inayohusu wazamia lulu wa Ceylon (Sri Lanka ya leo), ilikomea maonyesho 18.

Kilichowaudhi watazamaji ni mahali na mambo yaliyoonyeshwa hapo. Opéra-Comique ulikuwa ukumbi wa familia, ambako wazazi walikwenda na mabinti zao kukutana na wachumba. Sasa wakaletewa wanawake wa kiwanda cha sigara wanaovuta na kupigana jukwaani, na mwishowe Carmen anachomwa kisu na Don José, askari aliyekuwa mpenzi wake, mbele ya macho yao. Hata waimbaji wa kwaya walinung'unika, kwa kuwa walizoea kusimama mstari mmoja na kuimba kwa utulivu.

Muziki wenyewe unastahili kusikilizwa kwa makini. Célestine Galli-Marié, aliyeigiza Carmen, hakuridhika na wimbo wa kwanza wa kumwingiza mhusika huyo, ndipo Bizet akamwandikia wimbo uitwao Habanera. Chini, sello, yaani ala za nyuzi zenye sauti nzito, zinarudia sauti nne zilezile, re, la, fa, la, bila kuchoka, na juu yake sauti ya mwimbaji inateremka nusu hatua kwa nusu hatua, kama mtu anayeshuka ngazi huku akikutazama. Bizet alidhani kiini cha wimbo huo ni ngoma ya asili ya Wahispania. Baadaye akaambiwa kuwa ni utunzi wa Mhispania Sebastián Iradier, naye akaandika kwenye nota zake kwamba ameuiga wimbo wa Kihispania. Hispania yenyewe hakuwahi kufika.

Ama kuhusu Carmen kupendwa kwingineko, mlango ulifunguliwa Vienna mwezi Oktoba 1875. Katika opera ya awali wahusika walizungumza kati ya nyimbo. Rafiki wa Bizet, Ernest Guiraud, akayageuza mazungumzo hayo yawe ya kuimbwa, na kwa sura hiyo Carmen ikazunguka Ulaya na Marekani. Opéra-Comique haukuirudisha hadi mwaka 1883.