Kabla hujatoa hela ya "tiba ya mawimbi" kwa mzazi anayetetemeka mikono, soma hii

Mbukwenyi wapendwa. Wiki hii watu watatu wamenitumia ile video ya mzee anaingia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti mkono unatetemeka, anatoka anachora mstari umenyooka, na wote wanauliza hii kitu ni kweli au wanatudanganya. Ni kweli kabisa. Ila sisi kwetu tuliielewa vibaya ikatugharimu hela na miezi, kwahiyo nawasimulia ili yasiwakute.

Baba yangu ni mkulima wa zabibu Hombolo, hapa Dodoma. Mikono ilianza kutetemeka taratibu tukasema uzee, ikafika mahali hawezi tena kupogoa mizabibu maana mkasi unacheza anakata tawi lisilotakiwa. Kilichoniuma zaidi ni kwenye kula. We kama umekulia Dodoma unajua mlenda unavyovutika, ukichovya tonge lazima uzungushe mkono kidogo ukate ule uzi ndo upeleke mdomoni, sasa baba mkono ukikaribia mdomo ndo unazidi kutetemeka, mlenda wote kwenye shati. Akaanza kula peke yake chumbani, mlango amefunga. Na maneno ya watu nayo, mkulima wa zabibu anatetemeka basi huyo analewa tu, wakati baba hata wine hagusi. Baadaye dokta alituambia kwa wagonjwa wengi wa aina yake pombe kidogo hutuliza mkono kwa muda mfupi, na wapo wanaoishia kwenye ulevi kwa kutafuta hako kautulivu. Naomba sana tusiwasimange hawa wazee.

Basi jamaa mmoja akatuelekeza sehemu hapa mjini wanatoa "tiba ya mawimbi ya sauti", tukalipa laki mbili na themanini kwa awamu sita. Wanampaka jeli shingoni, wanapitisha kile kifaa kama cha mama mjamzito dakika kumi, haya baba rudi Alhamisi. Awamu ya nne nikamwambia mdogo wangu tuache, mkono uko vilevile. Hela haikurudi.

Nikaanza kusoma mwenyewe na kuuliza madaktari, na nilichoelewa ni hiki. Ukichukua kioo cha kukuzia ukakiweka juani, mwanga ukikusanyika sehemu moja karatasi inaungua, lakini mwanga uleule ukiwa umetawanyika haukuunguzi. Ultrasaundi ya kutibu, yaani mawimbi ya sauti yanayotumika kutibu, iko hivyohivyo. Kwa mtu wa kutetemeka anavalishwa kofia kubwa yenye vitoa mawimbi 1,024, kila kimoja peke yake ni dhaifu kinapita kwenye fuvu na ubongo bila kudhuru, lakini yote yanakutana kwenye kidoa kimoja ndani kabisa ya ubongo, sehemu inaitwa thalamasi, na pale joto linapanda mpaka kama nyuzi 55 hadi 60 kidoa kinaungua. Hakuna kisu. Ila mgonjwa ananyolewa kipara, kichwa kinabanwa na fremu ya chuma baada ya sindano ya ganzi, maji ya baridi yanazunguka kwenye ngozi ya kichwa, na kazi yenyewe anafanyiwa akiwa ndani ya MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, yuko macho masaa kadhaa. Wanapasha moto kidogo kwanza, wanamchoresha konokono, yaani mstari unaozunguka kuelekea katikati kama gamba la konokono, wakiona mkono umetulia na hajapata ganzi wala kigugumizi ndo wanaongeza moto wa kumaliza kazi. Sasa jiulize jeli ya shingoni inahusikaje hapo.

Na fuvu lenyewe ni kikwazo kikubwa mno. Miaka ya 1950 ndugu wawili wa Marekani, William na Francis Fry, walishakuwa wanajaribu mawimbi haya kwenye ubongo, lakini ilibidi mfupa wa kichwa ufunguliwe kwanza ndo mawimbi yapite. Imechukua miongo mpaka kompyuta na MRI zikawezesha kupita bila kufungua, na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu kwa mtetemo wa aina ya baba (nitaueleza chini) mwaka 2016 tu, kwa mtetemo wa Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo, 2018. Kwa uvimbe wa kizazi wamama walitangulia, 2004. Hata leo mgonjwa anapigwa siti skani kwanza kuangalia mfupa wake, wengine wanarudishwa kwa sababu fuvu lao linazuia mawimbi. Mwenye betri ya moyo pia mara nyingi MRI inamkatalia.

Ushauri wangu sasa. Kitu cha kwanza kabisa ni kujua anatetemeka nini. Baba mkono ukiwa umelala pajani umetulia, akishika kikombe ndo unaanza, na babu naye alikuwa hivyo, dokta akasema hiyo ni esensheli trema, mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Wa Parkinson kwa kawaida unatetemeka mkono umepumzika. Tezi ya shingo ikizidisha kazi inatetemesha pia, na baadhi ya dawa, mfano za pumu. Sisi tuliruka hii hatua, tukakimbilia mashine!

Pili, dawa zipo. Baba alianzishiwa propranolo, dawa ambayo pia hupunguza mapigo ya moyo, kwa kweli imemsaidia, siyo yote. Lakini usimpe mzazi mwenye pumu kwa kusikia kwangu, inaweza kumbana kifua vibaya, na anayeitumia asikatishe ghafla. Dokta lazima apime mapigo ya moyo.

Ukifika kwenye hatua ya mashine, kwetu tuliambiwa ni kusafiri nje, India kwa mfano, basi uliza haya: mtafanya mkono upi, maana kawaida wanaanza na upande mmoja. Akibaki na ganzi mdomoni au kuyumba akitembea mtafanyaje, kwa sababu wapo wanaobaki nayo na kidoa kikishaungua hakirudi. Na mtetemo ukirudi miaka ya mbele je, maana hii haiponyi ugonjwa wenyewe. Sehemu ambayo haina MRI na inakuambia inatibu ubongo kwa mawimbi, ondoka hapohapo, usibishane nao.

Baba ameamua kusubiri, na mi namheshimu, ubongo ni wake. Kila tarehe moja namchoresha konokono kwa mkono wa kulia kwenye daftari la shule, naandika na tarehe, tunampelekea dokta anaona maendeleo vizuri kuliko maelezo yangu. Konokono wa kwanza ulikuwa kama nywele zilizosokotana. Wa mwezi huu unaona kabisa njia inavyozunguka mpaka katikati. Na Jumapili iliyopita alikuja mwenyewe kukaa mkekani na wajukuu, tukamwekea ugali wa uwele na mlenda wake kwenye bakuli lenye kingo ndefu, akala na sisi.